Maswali ya Wasomaji: Mkate wa ufuta kwenye karatasi

SWALI: Assalaam alaykum Bi Mchoraji. Nachora mapishi ya bibi yangu ili ndugu zetu walioko Muskat wayapate. Mkate wa ufuta nimeuchora ukapendeza, umeiva, uko pembeni mwa kawa. Dada yangu kaufuata, ukamwangukia makaani! Niongeze maelezo? Na vipimo je, maana bibi hapimi?
Mjukuu, Wete

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Mkate ulioiva dadako anaujua tangu utotoni. Kinachomshinda ni pale kikaango kinapogeuzwa kifudifudi juu ya makaa, nawe hapo umeparuka. Pape ukurasa mzima. Kaa ubavuni mwa jiko, macho yalingane na makaa, ili ionekane nafasi iliyopo kati ya moto na ule uso wenye ufuta unaotazama chini. Ukichorea juu utapata tako la kikaango tu.

Kabla yake tia picha ndogo ya mkono uliolowa maji ukitandaza unga, na kando uandike "usitie mafuta". Mkate hauanguki kwa sababu umeshika kwenye chuma. Ukipaka mafuta unateleza. Ukavu wa kikaango haukamatiki kwa penseli, kwa hiyo maneno hayo mawili yana kazi. Mengine punguza. Kuiva nako kuoneshe kwa rangi za maji, viraka vitatu: bado, tayari, umeungua.

Vipimo visikutie tabu. Pima unga wote kabla bibi hajaanza, mwache apike anavyojua, kisha pima uliobaki. Tui fanya vivyo hivyo. Chora kikombe anachotumia, na gramu uziandike chini yake, maana kikombe hicho Muskat hakipo.

Mbuzi ya kukunia nazi, kifumbu cha kuchujia tui na upawa vichore vikiwa kazini. Niliwahi kuona mchoro wa mtu anakuna nazi amesimama, mbuzi kaishika mkononi! Aliyezoea tui la kopo atajuaje kuwa mbuzi hukaliwa?

Uso wa bibi usiuchore bila ruhusa yake. Akikataa, mikono inatosha.

Ukimaliza, mpe karatasi zako mtu ambaye hajawahi kuupika, ukae naye jikoni bila kusema neno. Kila atakapokugeukia kuuliza, hapo pana picha imekosekana.