Usijumlishe Tu Alama za Dodoso Lako

Makala yangu imekubaliwa na jarida, na bado natembea kifua mbele. Ni utafiti uleule ambao jopo la watahini lilinirudishia likisema uchambuzi wa makundi fiche, yaani kuwagawa watu katika makundi yasiyoonekana kwa kufuata mpangilio wa majibu yao, ni mbwembwe, nijumlishe alama yaishe. Liliniuma, na hadi leo halijaniisha. Kwa hiyo wewe unayepambana na tasnifu huku ukiota kuchapisha, nisikilize.

Kaya ziliulizwa maswali sita ya ndiyo au hapana: mnachemsha maji ya kunywa, mnacho choo, mnanawa kwa sabuni, mnalalia chandarua, mtoto kamaliza chanjo, mama alijifungulia kituoni. Kaya moja ikasema ndiyo kwa matatu ya mwanzo, nyingine kwa matatu ya mwisho. Ukijumlisha, zote zina alama 3. Lakini ya kwanza huduma za afya haziifikii, na ya pili inaugua kwa maji na uchafu. Utazishauri jambo moja?

Mwanasosholojia Paul Lazarsfeld alilieleza hili mwaka 1950. Majibu huandamana kwa sababu watu wanatoka katika makundi tusiyoyaona. Ukishalijua kundi la mtu, jibu lake la swali hili halikuongezei chochote kuhusu lile. Mwanatakwimu Leo Goodman akaja mwaka 1974 na njia nzuri ya kuyakadiria. Maswali sita yana mipangilio 64 ya majibu, na modeli ya makundi matatu huieleza kwa vigezo 20 tu, yaani namba 20 za kukadiria. Hiyo ndiyo mbwembwe?

Anza na kundi moja, nenda mawili, matatu, ukilinganisha BIC, kipimo cha modeli inavyolingana na data huku kikiiadhibu kwa wingi wa vigezo; ndogo ndiyo nzuri. Ukitumia poLCA, kifurushi cha uchambuzi huu ndani ya programu ya takwimu ya R, majibu yaandike 1 na 2, maana 0 inakataliwa. Halafu nrep, idadi ya mara hesabu inavyoanzishwa upya, huja ikiwa 1. Ipandishe! Hesabu hupanda ikitafuta kilele, yaani jibu linalolingana zaidi na data; ikianzia pabaya hukwama kwenye kilele kidogo na kukuletea makundi ya uongo. Endesha tena kwa mianzo mingine, kisha tena.

Modeli huipa kila kaya uwezekano wa kuwa katika kila kundi; yenye uwezekano wa asilimia 52 kuwa kundi fulani usiihesabu sawa na yenye asilimia 98. Vijana wenzangu, tuache kuogopa vyeo vya watu. Nenda mbele ya jopo na jedwali la uwezekano wa kila jibu katika kila kundi, na makundi yape majina baada ya kulisoma jedwali hilo, kamwe si kabla.