Odi ya 1.20 si mshahara: maswali yenu ya voliboli

Leo nimechagua maswali ya kubeti voliboli tu. Kandanda ikienda likizo mnahamia wavuni kwa wingi, na mnahama bila mizigo. Wale wa "kocha nipe tatu za uhakika usiku huu" nimewaruka tena. Za uhakika sina, na anayesema anazo tutamfikia hapo chini.

*Timu ikiwa na odi ya 1.20 si ni wazi itamaliza 3-0? Naona 3-0 ndiyo ina pesa tamu. — Msomaji, Kayole*

Si wazi hata kidogo. Odi ya 1.20 maana yake ukiweka 100 na timu ikashinda, unarudishiwa 120. Chukua timu kali, yenye uwezo wa kuchukua kila seti mara 7 kati ya 10. Piga hesabu ya mechi ya seti tano: itashinda kama mara 84 kwa 100, na 100 ukigawa kwa 84 hiyo ndiyo 1.20 yako. Lakini 3-0 inatoka mara 34 pekee. Mara 31 ni 3-1, na mara 18 hivi ni 3-2, mmesukumana hadi seti ya tano huku umeshika kichwa. Kwa hivyo bei ya haki ya 3-0 kwa timu hiyo ni kama 2.90. Ukiona 2.20 ukaikimbilia, umenunua nyanya moja kwa bei ya mbili.

Na kuna jambo ambalo hesabu haioni. Katika ligi nyingi, ushindi wa 3-0 na wa 3-1 zote zinalipa pointi 3. Ni 3-2 ndiyo inayomega: mshindi 2, aliyeshindwa 1. Sasa wewe ni kocha, unaongoza seti mbili, Jumamosi una mechi ngumu. Seti ya tatu unampumzisha mpigaji wako mkubwa na kumwingiza kijana wa benchi apate jasho. Ikipotea, utaifunga ya nne na hujapungukiwa kitu. Anayepungukiwa ni wewe wa Kayole.

*Na nikiunganisha timu tano za 1.20 kwenye mkeka mmoja? — Msomaji, Pipeline*

Mkeka, yaani tiketi moja ya mechi zote, unazidisha odi: tano za 1.20 zinakupa odi ya 2.49. Tuseme kila moja inashinda mara 80 kwa 100. Zote tano kushinda pamoja ni mara 33. Kwa kila soo (shilingi 100) unayoweka, inayorudi kwa wastani ni shilingi 81, kabla serikali haijachukua ushuru na kodi yake. Ungeweka timu moja ingekurudia 96. Kila timu unayoongeza unailipa kampuni ya kubeti upya, halafu unajiita mjanja kwa kuwa zote ni "favariti".

*Seti ya tano inaisha ngapi? — Msomaji, Rongai*

Pointi 15, kwa tofauti ya mbili. Hilo ungeliuliza kabla ya kuweka pesa.

*Niliweka timu yangu handikapu ya kutoa pointi 3.5. Ikashinda 3-2. Mkeka ukachanika! Nimeibiwa? — Msomaji, Umoja*

Hujaibiwa, hukusoma. Handikapu ya pointi hujumlisha pointi zote za mechi, kisha inaiondolea timu yako hizo 3.5; haijali nani alibeba seti. Angalia mechi kama hii: 25-23, 25-23, 10-25, 12-25, 15-13. Aliyeshinda ana pointi 87. Aliyeshindwa ana 109! Timu yako imekumbatiana katikati ya uwanja, imeimba, na kwa handikapu ilikuwa imelala zamani. Ukitaka kutoa kitu, toa seti (−1.5, yaani ishinde kwa tofauti ya seti mbili au zaidi), ambayo unaweza kuihesabu kwa vidole.

*Kuna jamaa wa Telegram anauza mechi za voliboli zilizopangwa matokeo. Amenitumia nne bure na zote zimeingia. Sasa anataka 3,000 kwa ya tano. — Msomaji, Zimmerman*

Kaa chini nikuonyeshe anavyofanya. Ana watu 1,600. Nusu anawaambia timu ya nyumbani itashinda, nusu anawaambia ya ugenini. Baada ya mechi anawaacha 800 waliopotoshwa na kuendelea na 800 walioona "ukweli". Mechi ya pili wanabaki 400, ya tatu 200, ya nne 100. Wewe ni mmoja wa hao 100. Huyo jamaa hajawahi kujua chochote kuhusu mechi yoyote, na wote mia mnaapa kwa jina lake. Wakimtumia 3,000 kila mmoja, ana laki tatu, tena bila kubeti hata shilingi.

Halafu jiulize jambo la kijinga kidogo: mtu anayejua matokeo ya kesho anataka 3,000 zako za nini? Si aweke zake akanunue ploti Kitengela? Kila mwezi nauliza hili na kila mwezi barua inakuja, saa nyingine kutoka kwa mtu yuleyule akiwa na Telegram nyingine.

*Mechi ikiendelea, nimngoje anayeongoza afike 20 ndipo niweke? — Msomaji, Githurai*

Wazo hilo lingekuwa na maana kama ungekuwa unatazama mechi. Juzi kwenye matatu ya Thika Road kijana alikaa kando yangu na mechi ya wanawake ya Uturuki kwenye simu. Hakukuwa na picha, ni namba tu: 20-18, 20-19, 20-20. Kufika Roysambu alikuwa ameweka mara tatu. Nikamuuliza nani anapiga servi, yaani nani anaanzisha mpira. Akaniangalia kama nimemwomba nauli.

Ni swali la msingi. Tenisi ukianzisha mpira una nguvu. Voliboli ni kinyume: anayepokea ndiye mwenye shambulio la kwanza, na kwa wanaume wa kiwango cha juu anashinda pointi nyingi kuliko anayeanzisha. Kwa hivyo 24-23 yenye servi mkononi si salama kama inavyoonekana. Kuna pia mzunguko: wachezaji sita wanahama nafasi kila wanapoirudisha servi kwao, na ipo mizunguko ambapo seta, yule anayewapangia wapigaji mpira, yuko mbele na kwenye wavu wamebaki wapigaji wawili tu. Timu hukwama hapo hapo, pointi nne au tano mfululizo. Aliyeko ukumbini anauona mkwamo huo mapema. Wewe unaona namba ambazo kampuni iliziona kabla yako, na ikishaziona inaifunga odi au inaibadilisha. Unashindana na mtu anayesoma gazeti la kesho.

Kama huna picha, usiguse mechi inayoendelea. Kama unayo, tazama mapokezi. Libero (mlinzi wa nyuma) na wenzake wakianza kumpelekea seta mipira ya kukimbiza mita tatu nyuma, pasi zote zinaishia pembeni juu juu, na ukuta wa wapinzani unafika ukiwa umeshapanga mikono. Hiyo inakuambia mengi kuliko 20-18.

*Malkia Strikers wakicheza niwaunge kwa pesa? — Msomaji, South B*

Timu yetu ya taifa ya wanawake? Waunge kwa sauti. Afrika wao ni vigogo, na odi yao dhidi ya wengi huwa ndogo mpaka hailipi hata nauli ya kwenda Kasarani. Nje ya Afrika, angalia Olimpiki: Tokyo mechi tano, Paris 2024 mechi tatu, na katika hizo nane hawakupata hata seti moja. Sisemi hivyo kuwadharau. Wale Brazil na Japani wanakula na kulala voliboli na wana ligi za kulipa, wetu wengi wako kwenye timu za magereza, benki na mabomba ya mafuta. Kampuni inajua utaweka bendera mbele ya akili, na bei imeshapangwa ikikusubiri.

*Nikipoteza naongeza mara mbili mpaka nirudishe. Kuna ubaya? — Msomaji, Dandora*

Anza na 50 kwa odi ya 2.00. Ukipoteza mara saba mfululizo umetoa 6,350, na ya nane inataka 6,400 ili upate faida ya shilingi 50. Je, unazo?

*Mume wangu anaamka saa tisa usiku kutazama voliboli ya Brazil. Anasema anasoma mchezo, si kamari. Rent ya mwezi huu imepungua. Nimfanye nini? — Mama wawili, Kasarani*

Dada, saa tisa usiku kwetu ni saa tatu usiku kule Brazil, kwa hivyo mechi ipo kweli, hakudanganyi hapo. Asubuhi akinywa chai muulize taratibu seta wa timu aliyoiweka ni nani. Anayesoma mchezo hawezi kukosa jina hilo, maana timu ikishapokea, mguso wa pili kwa kawaida ni wa seta. Akikosa, una jibu lako, naye analo pia.

Usimfiche simu, atapata nyingine. Usimkopeshe "arudishe", na angalia kama ameanza kugusa Fuliza (mkopo wa M-Pesa), kwa sababu hapo ndipo mambo huharibika kimyakimya. Akikubali mzungumze, muombe ajifungie akaunti mwenyewe. Kampuni nyingi zina sehemu hiyo kwenye mipangilio, ila huwa imefichwa chini kabisa, itafuteni pamoja. Na rent mwezi ujao iende kwa mwenye nyumba siku ileile mshahara unapoingia, mchana, kabla Brazil hawajaamka.