Mchezaji mwenye faulo nyingi: zipange dakika zake kabla ya mechi

Kwenye BuzzerBeater, mchezo wa mtandaoni wa kusimamia timu ya mpira wa kikapu, huwezi kumwita mchezaji benchi akishafikisha faulo ya nne. Kikosi unakipanga mapema, na mechi ikianza kazi yako ni kutazama tu. Mchezaji wa faulo anadhibitiwa kwenye ukurasa wa kupanga kikosi, au hadhibitiwi kabisa. Faulo ya 6 ikiingia, ametoka.

Anza na hesabu, na usiangalie wastani wa faulo kwa mechi. Unadanganya. Mwenye faulo 2.4 kwa mechi anaonekana mpole, kumbe anacheza dakika 18 tu. Chukua faulo zake zote za msimu, zidisha kwa 48 (dakika za mechi nzima), gawanya kwa dakika zote alizocheza. Huyo wetu anapata 6.4: mwanzishe na kumwachia mechi nzima, na kwa wastani faulo ya sita itamkuta dakika ya 45. Mechi mbili tatu hazitoshi kumhukumu mtu. Ngoja afikishe dakika 200 hivi.

Hata 4.8 si salama. Faulo haziji kwa zamu. Leo atapata mbili, kesho zitamiminika. Tukichukulia kwamba zinakuja kwa bahati tu, mwenye 4.8 akipangwa dakika zote 48 atatolewa karibu mechi moja kati ya tatu. Mpunguzie hadi dakika 32, hatari inashuka hadi mechi moja kati ya kumi hivi. Kwa faida hiyo, kumpa mbadala dakika 16 ni gharama ndogo sana.

Ila mbadala mwenyewe mchague kwa kipimo hichohicho. Mameneja wapya wengi huweka pale senta wa pili anayefunga vizuri, bila kutazama faulo zake, halafu wote wawili wanaisha kabla robo ya nne haijakolea. Afadhali mtu mzito kidogo kwenye kufunga lakini mwenye faulo 3 kwa dakika 48.

Balaa kubwa liko kwenye mazoezi. Mchezaji anahitaji dakika 48 kwa wiki katika nafasi inayofanyiwa mazoezi, ndiyo maana watu huandika jina moja sehemu zote tatu: anayeanza, mbadala na wa akiba. Kwa mtu mtulivu, sawa. Kwa mwenye faulo, akitolewa dakika ya 37 mazoezi yake yanapungua dakika 11, na nafasi yake inazibwa na mtu ambaye wewe hukumchagua. Mgawie dakika hizo katika mechi mbili, mathalani 28 na 22, na mechi ya mapema zaidi katika wiki ndiyo apewe nyingi, ili zikipungua upate pa kufidia. Kama wiki ina mechi ya kirafiki, zirundike huko: akitolewa, msimamo wa ligi haujaguswa.

Kisha tazama anamkaba nani. Mpangilio wa ulinzi unakuruhusu kuchagua mkabaji wa kila nafasi, basi usimwache akabane na mfungaji wao mkuu. Mpe yule anayepiga mitupo michache. Presi ya uwanja mzima, yaani kuwakaba wapinzani tangu upande wao wa uwanja, iache siku anayoanza; inachosha miguu na kuzaa faulo hata kwa wasio na tabia hiyo.