Re: Mpenzi Mjerumani, kila mtu analipa chake, ananipenda kweli?

Mambo dada, pole. Unauliza kama jamaa hakupendi kisa mkitoka kila mtu analipa chake. Mi niko Hamburg mwaka wa 6, nimeolewa huku, na siku ya kwanza kutoka na huyu mume wangu, mhudumu alipouliza "zusammen oder getrennt", yaani bili moja au kila mtu na yake, bwana akajibu getrennt bila hata kunitazama, kahawa ya euro 3 jamani, nikaenda kulia chooni! Kumbe huku kawaida tu. Cheki kwanza, ukiumwa anakuja? Wangu alipanda treni usiku kuniletea supu. Halafu mwambie wazi, kununa huku hakuna anayekuelewa. Ya mahari uliyouliza pia sina jibu, wangu mpaka leo anaita "bei" na mjomba hajamsamehe.