Unataka kumng'oa meya? Anzia Katuba

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja wa kartie yetu, yaani mtaa wetu hapa Lubumbashi, Kongo, alinijia nyumbani jioni. Umeme ulikuwa umekatika, tukakaa nje kwenye viti vya plastiki. Akaniambia, "Yaya," yaani kaka mkubwa, "safari hii nagombea. Nataka kiti cha meya." Nikamuuliza nani atampigia kura. Akajibu bila kusita, "Watu wa Lubumbashi." Hapo nikajua tutakaa hadi usiku.

Naandika niliyomwambia kwa sababu hayuko peke yake. Kenya (yetu ya hapa mjini, si nchi), Kampemba, Ruashi, kila komini, yaani kila sehemu ya mji yenye baraza lake, ina watu watatu au wanne wenye hasira ya haki juu ya mji huu, na kila mmoja anajiona ndiye atakayemwondoa aliyeko madarakani. Mimi si mtu mkubwa wa siasa. Mwaka 2023 nilikuwa katibu wa kampeni ya mgombea udiwani wa komini, mwalimu wa sekondari niliyemheshimu na ninayemheshimu hadi leo. Tulishindwa. Sehemu kubwa ya kushindwa huko tulijitakia wenyewe, ndiyo maana naumia nikiona wengine wanashika njia ileile.

Kwanza kabisa, mwananchi wa Lubumbashi hampigii kura meya. Wengi hawalijui hili, hata wanaotangaza kugombea. Kwa sheria yetu ya uchaguzi, wananchi wanachagua madiwani wa komini. Hao ndio wanaochagua madiwani wa jiji, kisha baraza la jiji linamchagua meya na naibu wake. Bugumestre, mkuu wa komini, naye anachaguliwa na baraza la komini yake. Karatasi inasema hivyo tangu 2006. Lakini sisi tumekua tukiwajua mameya wa kuteuliwa kwa amri ya Rais: usiku jina linasomwa kwenye televisheni ya taifa, asubuhi mji una meya mpya. Ni tarehe 20 Desemba 2023 ndipo tulipopiga kura ya madiwani wa komini kwa mara ya kwanza chini ya katiba hii, tena katika miji mikuu ya mikoa tu. Ngazi za juu hazikufuata haraka kama tulivyotarajia.

Basi mtu anayetaka kumng'oa meya, akianza kwa kuzunguka mjini kati na picha yake kubwa, anaomba kura kwa watu ambao hawana kura hiyo. Kura iko kwa madiwani, na madiwani wanatoka Katuba, Kenya, Kamalondo, Kampemba, Ruashi, Annexe na komini ya Lubumbashi yenyewe. Komini saba. Ukiwa na rafiki mmoja Ruashi na jirani wawili Kampemba, huna kitu bado.

Hesabu ndiyo iliyotuumiza, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Viti vya komini vinagawanywa kwa orodha. Mpiga kura anamchagua mgombea mmoja, lakini kura hiyo inahesabiwa kwanza kwa orodha nzima ya chama au muungano wake, ndipo viti vya orodha viende kwa wenye kura nyingi ndani yake. Orodha isiyofikisha asilimia 10 ya kura halali haiingii katika mgawanyo. Anayesimama peke yake bila chama anahesabiwa kama orodha ya mtu mmoja, na kizingiti hicho kinamkuta yeye pia.

Chukua mfano wa komini yenye viti 10 na kura halali 20,000. Wapinzani watano, kila mmoja na orodha yake, wanapata kura 1,800 kila mmoja. Jumla yao ni 9,000, karibu nusu ya komini. Lakini 1,800 ni asilimia 9. Wote watano wanatoka mikono mitupu, na watu wa aliyeko madarakani wenye kura 11,000 wanabeba viti vyote kumi. Hakuna aliyeiba kura hapo. Ni wapinzani waliokataa kuketi meza moja miezi sita kabla.

Nilipomchorea kijana hesabu hii kwenye daftari kwa mwanga wa simu, alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza, "Kwa hiyo yule wa avenyu ya nyuma, tunayegombana naye, kura zake ni zangu?" Ndiyo. Akiwa kwenye orodha yako, kila mtu anayemleta anakusaidia kuvuka kizingiti. Sisi 2023 hatukulielewa. Mwalimu wetu na mgombea mwingine wa orodha yetu walirushiana maneno wiki nzima, wafuasi wakachaniana mabango, na mwisho wote wawili walibaki nje.

Kuunda chama kipya kwa ajili ya mji mmoja, sahau. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2022 ilitaka orodha iwe na wagombea kwenye angalau asilimia 60 ya viti vya ngazi husika, nchi nzima. Utalazimika kuingia chama au muungano uliopo. Ingia mapema, na mpangilio wa majina muandikishane. Neno la mdomo la kiongozi wa chama siku ya kufunga orodha halina uzito, sisi lilitugharimu. Sheria hiyohiyo inasamehe dhamana ya fedha kwa orodha yenye angalau nusu wanawake. Mama anayeuza unga soko la Kenya miaka ishirini anajulikana na watu wengi kuliko sisi wanaume wenye makoti, na nisingeweka jina lake kwa ajili ya dhamana. Ningemweka kwa sababu anashinda.

Sasa kampeni yenyewe. Kwa madiwani ilikuwa siku 15, kuanzia tarehe 4 Desemba 2023. Desemba kwetu ni mvua. Tulikodi gari la muziki, tukachapisha fulana, na hotuba zetu zote zilikuwa juu ya meya: meya hivi, meya vile. Siku ya nne mama mmoja mzee sokoni alinishika mkono akasema, "Mutoto, meya miye sikumuchagula. Ile mufereji pale, nani ataizibula?" Nilimjibu kwa maneno ya siasa, naye akarudi kwenye maembe yake. Jibu lake ninalijua leo. Mfereji ule ulikuwa unaingiza maji kwenye nyumba za avenyu nzima kila mvua kubwa. Mgombea ambaye angefika na majembe na vijana Jumamosi, akafanya salongo, kazi ya pamoja ya usafi, pale miezi kadhaa kabla ya kampeni, asingehitaji gari la muziki kwenye avenyu ile.

Simaanishi aliyeko asiulizwe. Aulizwe, lakini kwa swali ambalo lina jibu. "Mji umekufa" si swali. Chukua hili: kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawanya mrabaha wa madini, asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa mji, komini, sekta au usultani ambamo mgodi unafanya kazi, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Sisi tunaishi juu ya shaba. Sehemu ya mji na komini zetu imeingia kiasi gani mwaka jana? Imefanya kazi gani, barabara ipi, shule ipi? Kodi ya kila siku wanayolipa akina mama sokoni, jumla yake kwa mwezi ni ngapi? Kiongozi aliyeko ana njia mbili tu, aonyeshe hesabu au asionyeshe, na watu wataona wenyewe. Uliza kwa barua yenye muhuri wa kupokelewa, tunza nakala. Usimwite mtu mwizi bila karatasi mkononi. Ni dhambi, na pia ni kesi.

Kuna jambo moja ambalo ningelikataza hata kama lingeleta ushindi. Mwishoni mwa 1957, mji ukiitwa bado Élisabethville, Wabelgiji waliruhusu kura za kwanza za komini, na walioshika nafasi za bugumestre wengi wao walikuwa na asili ya nje ya Katanga, mkoa wetu wa wakati ule. Uchungu wa matokeo yale ulichangia kuzaliwa kwa Conakat, chama cha waliojiita wenyeji wa Katanga, mwaka uliofuata, na maneno ya "wenye mji" na "wakuja" hayakutoka tena midomoni. Mwaka 1992 na 1993 maneno hayo yalifukuza maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Kasai kutoka Katanga, watu waliozaliwa hapa, wakalala kwenye stesheni za treni wakingoja mabehewa. Mama yangu alipoteza rafiki yake wa kusuka nywele hivyo; mpaka leo akimtaja sauti inabadilika. Mshauri yeyote akikuambia, "Sema tu kwamba huyu si wa hapa, utashinda," mtoe kwenye timu siku hiyohiyo. Usimpe nafasi ya kurudi.

Usiku wa kuhesabu kura ndio usiku ninaoujutia zaidi katika maisha yangu ya siasa. Vituo vingi vilichelewa kufungua tarehe 20, mahali pengine watu walipiga kura hadi siku ya pili. Mashahidi wetu wa kulinda kura vituoni walikuwa wachache, tena hatukuwa tumewaandalia chakula wala pesa ya usafiri. Kufika saa mbili usiku, zaidi ya nusu walikuwa wamerudi nyumbani. Siwalaumu, kijana aliyesimama tangu alfajiri bila hata bukari (ugali) hawezi kulinda kura ya mtu mwingine. Matokeo yakabandikwa, mahali pengi hatukuwa na mtu wa kusaini PV, karatasi rasmi ya matokeo ya kituo, wala kuchukua nakala. Tulipoanza kusema kwamba tumenyang'anywa, mwanasheria mmoja alituuliza swali moja: "Karatasi ziko wapi?" Hatukuwa nazo. Huenda kweli tulipunjwa, huenda hatukupunjwa. Sitajua kamwe, na kutojua huko kunauma kuliko kushindwa.

Udanganyifu upo. Januari 2024 CENI, tume ya uchaguzi, yenyewe ilifuta kura za wagombea 82 katika uchaguzi ule, kwa ulaghai, rushwa, kumiliki mashine za kura kinyume cha sheria na makosa mengine. Lakini anayekwenda mahakamani bila PV anapeleka huzuni tu, na siku za kulalamika ni chache. Kwa hiyo nusu ya fedha zako, nasema nusu, ziwe za mashahidi. Wapate mafunzo, chai, chakula cha mchana na cha usiku, tochi, betri ya simu, na mtu wa pikipiki anayepita kukusanya nakala. Fulana zisubiri.

Na kadi ya mpiga kura. Shangazi yangu alifika kituoni na kadi ambayo maandishi yake yalikuwa yamefifia hata jina halisomeki. Wengi walipatwa na hilo. Pita nyumba kwa nyumba miezi kabla, waambie watu watoe kadi zao kabatini wazitazame, wenye kadi zilizofutika wakaombe nakala.

Ukishapata madiwani wako, kazi ngumu ndiyo inaanza, maana sasa wapiga kura wa ngazi inayofuata ni wachache, na wachache wana bei. Machi 2019 Rais alisimamisha kuingia kazini kwa maseneta waliochaguliwa na mabunge ya mikoa, kwa sababu ya tuhuma za kununua kura. Madiwani si malaika kuliko wabunge wa mkoa. Utamjua vipi ambaye hatauzwa? Mimi nina kipimo kimoja tu: nani anashika fedha za likelemba, mchezo wa kuchangiana fedha kwa zamu? Katika kila avenyu kuna mtu ambaye wenzake wamempa fedha zao miaka na miaka, msiba ukitokea zipo, zamu yako ikifika zipo. Huyo mtafute kabla ya mwenye kusema vizuri kwenye kipaza sauti.

Kisha wapinzani wenyewe mkubaliane mapema juu ya jambo ambalo kila mmoja wenu hataki kulisikia: huenda meya asiwe wewe. Tulieni, andikeni kwamba mwenye madiwani wengi zaidi ndiye atakayesimama na wengine watampigia kura. Saini, mashahidi, nakala kwa kila mmoja. Bila hiyo karatasi, siku ya kura mtakuwa watano tena, na aliyeko atapita katikati yenu.

Kijana aliondoka kwangu saa tano usiku. Sikujua kama atarudi. Jumamosi iliyopita, baada ya salongo, alikuja na tope miguuni na daftari mkononi. Ameandika majina ya avenyu tisa za kartie yetu, kila avenyu na mtu wake wa likelemba. Amekwenda pia kwa yule wa avenyu ya nyuma. Wameongea, bado hawajaelewana. Mashahidi amepata saba. Tumekubaliana arudi mwisho wa mwezi akiwa na arobaini, na aje na huyo mwenzake.