Jiko dogo, jeupe, lisilo na vitu vingi: inawezekana?

Dada yangu, umeuliza kama jiko lako la mita 2.5 kwa 3 linaweza kuwa la kisasa, jeupe tupu, bila makabati ya juu wala vishikio. Linaweza. Ila anza na vyombo kabla ya kumwita fundi. Toa kila kitu uweke sebuleni, kisha rudisha unachotumia kila wiki tu. Masufuria ya shughuli yatafutie stoo. Usipofanya hivyo, makabati ya juu utayatamani ndani ya mwezi mmoja.

Udogo usikutishe. Mwaka 1926 Margarete Schütte-Lihotzky, msanifu majengo wa Austria, alibuni jiko la Frankfurt kwa ajili ya nyumba za mji huo wa Ujerumani, takriban mita 1.9 kwa 3.4, na kila kitu kilikuwa na mahali pake.

Nyeupe ya kung'aa na mafuta ya maandazi haviivi chungu kimoja. Mimi ningechagua nyeupe iliyofifia, isiyong'aa. Jiwe la marumaru liache: ndimu na ukwaju hulila. Chukua graniti. Milango ya MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa kwa gundi) ikae mbali na maji, maana ikilowa huvimba hairudi.

Kubwa zaidi ni mtungi wa gesi. Najua unataka usionekane, lakini usiufungie kabatini. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama chini. Uweke nje ya ukuta, umefungwa vizuri, na mpira ukaguliwe mara kwa mara.

Mbuzi ya nazi? Itundike ukutani, inapendeza.