Wasomaji Wanauliza: Siku tatu katika hoteli ya kifahari, jirani na soko la Darajani

SWALI

Ndugu mwandishi, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi na naishi Mwanza. Mwezi ujao mimi na mume wangu tunatimiza miaka 40 ya ndoa, na watoto wetu wamechanga fedha wakatulipia siku tatu katika hoteli moja ya kifahari ya Mji Mkongwe, Zanzibar, ambayo wanasema ukitoka hapo unafika soko la Darajani kwa miguu. Ninawashukuru sana, ila moyo haujatulia. Hatujawahi kulala katika hoteli ya namna hiyo, na baba watoto anasema mahali pale ni pa wageni wa Ulaya, sisi tutakaa kama watu waliopotea njia. Mimi kinachonivuta ni soko lenyewe, maana nataka viungo na kanga, na nataka kuwaona samaki wa bahari, kwa kuwa huku kwetu tumezoea sangara na sato. Binti yangu anasema nisihangaike, hoteli itatupeleka sokoni kwa malipo. Uliwahi kuandika katika ukurasa huu kwamba ulilala huko. Je, tuishi vipi humo, na soko tuliendee vipi?

Mama Mwalimu, Mwanza

JIBU

Shikamoo Mama Mwalimu, na hongera kwako na kwa mzee kwa miaka hiyo 40. Naanza na neno la mzee, kwa sababu hata mimi lilinisumbua siku ya kwanza. Nilipofika mapokezi na mkoba wangu begani, kijana aliyekuwa zamu alinikaribisha kwa Kiingereza. Nikamwitikia, "Ahsante mwanangu, habari za hapa?" Uso wake ukabadilika palepale, akatoka nyuma ya meza, akaupokea mkoba kwa mikono miwili, akaniuliza nimesafirije, bahari ilikuwaje, na kama nimekula. Tangu hapo hadi naondoka sikuhitaji lugha nyingine, na mhudumu aliyeniletea chai alikuwa akiniita "Bi" na kunieleza kichochoro kipi kinatokea wapi. Wanaofanya kazi katika hoteli zile ni watoto wetu, Mama Mwalimu. Wasalimieni kama mnavyosalimia watu nyumbani, na mwambie mzee kwamba hakuna atakayewaona wamepotea.

Nyumba zenyewe pia si ngeni kama zinavyoonekana kwenye picha. Nyingi hazikujengwa ziwe hoteli. Jumba la kale la Mambo Msiige, pale Shangani, leo ni sehemu ya hoteli kubwa, na jengo la zamani la kampuni ya simu lililo karibu nalo limekuwa hoteli vilevile. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, kwa hiyo mwenye hoteli hawezi kujibomolea kuta na kujenga atakavyo. Chumba nilicholala mimi kilikuwa na ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, mnene kiasi kwamba mtu mzima anaweza kukaa ndani ya dirisha akanyoosha miguu. Kilikuwa kirefu lakini chembamba, na nilipolala chali nikaielewa sababu yake, kwani juu ya kichwa changu zilipangwa boriti za mikoko kutoka ukuta hadi ukuta, na upana wa chumba ulifuata urefu wa mti. Waliojenga nyumba zile walikuwa matajiri, ila hata tajiri alijenga kwa kipimo alichopewa na mkoko.

Mambo ya hoteli yasikuchukulie muda mwingi. Waulize watoto kama kifungua kinywa kimo katika malipo, na kama waliomba bei ya wakaazi, ambayo mara nyingi huwa chini kuliko ile ya wageni wa nje. Kama hawakuomba, mtu apige simu kabla hamjafika. Chukueni vitambulisho vyenu. Hoteli nyingi za daraja hilo huomba dhamana ya matumizi ya ziada, ama kwa kadi ya benki ama kwa fedha taslimu, na vinywaji vya kwenye friji ya chumbani hulipiwa kila kimoja, hata maji wakati mwingine, basi ulizeni kipi ni cha bure. Bahashishi ni hiari yenu. Zaidi ya hayo, laleni, ogeni, kaeni barazani mtazame majahazi, kwa maana fedha hizo zimekwisha kulipwa na kupumzika ndiko mlikolipiwa.

Sasa soko. Hapa nasema wazi kwamba sikubaliani na binti yako. Nami nilioneshwa karatasi ya matembezi yanayopangwa na hoteli, na kutembezwa sokoni kulikuwa na bei iliyozidi fedha zote nilizokuja kutumia huko sokoni kwa siku mbili. Kwa mtu asiyejua lugha ninaelewa. Analipia kinywa cha mtu mwingine. Ninyi mnacho kinywa chenu. Kutoka Shangani, mkipita Hurumzi na kuelekea Mkunazini, ni mwendo wa robo saa au dakika 20 hivi kwa miguu isiyo na haraka. Mtapotea, kwa sababu kila anayeingia vichochoro vile hupotea. Ulizeni mzee yeyote aliyekaa kwenye baraza ya nyumba yake, naye atawaonesha. Mimi niliamshwa na adhana ya alfajiri, kisha nikasikia magurudumu ya mkokoteni wa hamali yakigonga mawe chini ya dirisha langu, nikavaa nikashuka na kuufuata mlio huo karibu njia nzima.

Jina la Darajani linatokana na daraja lililovuka mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Maji yale yalifukiwa na sasa ni barabara. Jengo la soko lenye mapaa yake marefu lilijengwa mwaka 1904. Nendeni mapema, vaeni viatu visivyoteleza, na anzeni upande wa samaki. Utawaona nguru, jodari, changu na kibua, na pweza waliolazwa wakiwa bado na rangi ya zambarau iliyofifia. Sikiliza jinsi bei inavyotajwa wakati samaki mkubwa anaponadiwa, haraka, kwa sauti moja, mpaka mmoja anapotikisa kichwa na samaki ana mwenyewe. Usinunue samaki mbichi, kwa sababu hoteli hazipendi mgeni aingize chakula kibichi, na si haki kwa atakayelala chumba hicho baada yenu. Tazama tu, Mama, na shibisha macho.

Kwenye viungo ndiko uweke muda wako. Pita vile vipakiti vilivyopangwa vizuri vyenye picha, vinavyouzwa kwa wapita njia, uende kwa muuzaji mwenye magunia na mizani. Mimi nilikaa kwa mama mmoja aliyenivunjia ganda la hiliki kiganjani mwangu ili nione mbegu nyeusi zenye unyevu, akaniambia kwamba hiliki iliyopauka na kufunguka mdomo imekwisha kutoa roho yake njiani. Karafuu nzuri ina kichwa chake, na ukiibana kwa ukucha inatoa mafuta. Ukiitia katika maji inazama au inasimama wima, na ile iliyokauka kupita kiasi inaelea kwa ubavu. Nunua ya jikoni tu, kwa kuwa biashara ya karafuu kwa jumla iko mikononi mwa shirika la serikali, ZSTC, na kusafirisha mizigo ya karafuu bila kibali ni kosa. Mdalasini chukua magome, usichukue uliosagwa. Zafarani ya bei rahisi usiiguse kabisa, kwa sababu zafarani ya kweli ni ghali popote duniani, na kile kinachouzwa rahisi kwa jina lake ni maua mengine yenye rangi. Viungo vyangu vilifungwa kwa karatasi ya gazeti, kila kimoja pembe yake, na nilipofika chumbani nikaviweka juu ya meza, chumba kizima kikageuka duka.

Kwa kanga, toka hapo uingie mtaa wa Mchangani. Usikubali kuoneshwa kwa mbali. Mwombe muuzaji aikunjue doti nzima, uutazame mji, yaani sehemu ya katikati, na pindo kama rangi imechapwa sawasawa, halafu usome jina, yaani maneno yaliyoandikwa, mpaka mwisho, maana kanga ya zawadi huenda na maneno yake na mpokeaji atayasoma. Mimi nilichukua iliyoandikwa "Mgeni njoo mwenyeji apone".

Juu ya kupunguziwa bei nina neno moja ambalo limenikaa moyoni tangu safari ile. Asubuhi ya pili nilisimama kwa mzee mmoja aliyeuza ndimu kwa mafungu, nikamwomba anipunguzie shilingi 500. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya, chukua mwanangu," akaniongezea na ndimu moja juu. Jioni ile hotelini nikaletewa glasi ya maji yenye kipande cha ndimu, na nilipotia saini nikaona kwamba glasi ile ilinigharimu zaidi ya mafungu yote yaliyokuwa mbele ya yule mzee. Sikulala vizuri. Asubuhi yake nilirudi nikanunua mafungu mawili kwa bei aliyoitaja, nikayagawa kwa wahudumu. Kwa hiyo nakuomba, Mama Mwalimu: kwenye kanga, vinyago na mikufu jadilianeni bei mpaka mcheke, kwa sababu muuzaji ameshaweka nafasi ya mazungumzo. Kwa anayeuza ndimu, mchicha au vitumbua, lipa alichosema. Watoto wenu wamelipa fedha nyingi kwa kitanda, na yule anayeuza ndimu hapati hata senti katika fedha hizo ila mgeni atoke nje ya lango na kwenda kumpa mkononi.

Hapo Mkunazini, hatua chache kutoka Darajani, palikuwa na soko jingine ambalo wewe mwalimu umelifundisha darasani. Ni soko la watumwa, lililofungwa kwa mkataba alioutia saini Sultani Barghash tarehe 5 Juni 1873. Kanisa la Kianglikana lilijengwa juu ya eneo hilo, na uani kuna shimo lenye sanamu za watu waliosimama wakiwa na minyororo shingoni. Tengeni saa nzima, na msiende mkiwa na mifuko ya manunuzi. Mimi niliingia na pakacha la maembe mkononi, nikaona haya, nikalirudisha kwa mlinzi wa mlangoni anitunzie.

Mzee akichoka na maduka, mwache Jaws Corner, ambako wanaume hucheza dhumna na kunywa kahawa chungu. Akisema "Assalaam aleikum" au "Sabalkheri", atasogezewa nafasi kwenye baraza, na ukirudi huenda asitake kuondoka.

SWALI

Nakwenda Zanzibar kwa mapumziko na nitafikia hoteli ya bei kubwa. Nimeambiwa kwamba nikitoka tu mlangoni nitafuatwa na vijana wanaotaka kunipeleka sokoni. Niwafanyeje?

Msomaji, Tanga

JIBU

Hao huitwa papasi, na wewe wa Tanga una kinga tayari mdomoni. Salimia kwanza, kisha sema, "Ahsante ndugu yangu, naenda zangu sokoni," bila kusimama wala kukunja uso. Wengi watakuacha, na mmoja au wawili watakuelekeza njia bila malipo. Ukitaka mtu wa kukueleza historia ya nyumba na milango, chukua mwongoza watalii mwenye kitambulisho cha kazi, mkubaliane malipo kabla ya kuanza kutembea, na mweleze kwamba maduka utayachagua mwenyewe, kwa kuwa baadhi ya maduka humlipa anayeleta mgeni na kiasi hicho hurudi katika bei yako. Usiwadharau vijana wale. Wanasimama nje ya lango ambalo wengi wao hawatalala ndani yake, na jibu la adabu halikugharimu kitu.

SWALI

Likizo yangu imeangukia mwezi wa Ramadhani. Mimi si Mwislamu. Je, kuna maana ya kulala karibu na Darajani mwezi ambao watu wamefunga?

Msomaji, Dar es Salaam

JIBU

Ipo, tena kubwa, mradi ukubali kubadilisha saa zako. Mchana vibanda vingi vya chakula hufungwa. Hoteli itakuhudumia ndani, basi kula humo na kunywa humo, usitembee mitaani ukitafuna wala ukiwa na chupa ya maji mkononi, na mavazi yafunike mabega na magoti. Asubuhi lala. Shuka sokoni baada ya alasiri, saa ambayo kila nyumba imetuma mtu wake kununua vya futari, na utakuta tende, tambi, muhogo, ndizi za kupika na nazi vinabebwa kwa haraka ambayo huioni miezi mingine. Usimzuie mtu kwa maswali marefu, kila mmoja anakimbizana na jua. Kabla ya adhana ya magharibi vichochoro vinakaa kimya kabisa. Mimi nilikuwa narudi hotelini saa hiyo na mfuko wa tende, nikapita mbele ya mlango uliokuwa wazi, na bibi aliyekuwa akitandika mkeka akaniita niingie kufuturu nao, bila kuniuliza nimetoka wapi wala dini yangu. Niliingia. Kulikuwa na uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga, na zile tende zangu zikawekwa katikati ya sinia pamoja na zao.